Taa za Kariakoo zitazame lami

Kila boksi la taa ya LED linaloshushwa Kariakoo lina namba yenye herufi K mwishoni: 3000K, 4000K, 6500K. Wateja wengi hawaisomi. Wanasema, "Fundi, nataka ile nyeupe," au, "Nipe ile ya njano kidogo," nami nafunga wanachotaka. Lakini namba ile ni kipimo cha joto, na ndicho kipimo kile kile wanasayansi wanachokitumia kwa nyota. K ni Kelvin. Ukitoa 273 unapata nyuzi za Selsiasi. Taa yenyewe haina moto wa kiasi hicho, maana ingeyeyuka pamoja na holda yake. Namba inatuambia kwamba rangi ya mwanga wake ni sawa na ya kitu kilichopashwa moto hadi kufikia hapo. Mafundi chuma wa Gerezani wanaijua kanuni hii bila kusoma boksi: chuma kikianza kushika moto huwa chekundu, kikizidi huwa cha njano, kikizidi tena kinaelekea weupe. Chekundu ndicho chenye moto mdogo.

Nimeanza na boksi kwa sababu nataka kuzungumzia nyota, na mfanyabiashara wa Kariakoo ukimletea habari za nyota ana haki ya kukuuliza zinamhusu nini. Zinamhusu, tena kupitia mita yake ya LUKU.

Iko nyota moja nyekundu inayoonekana kwa macho matupu juu ya maghorofa yetu kuanzia Novemba hadi Aprili. Waarabu waliiita Al-Dabaran, na dunia nzima ikalichukua jina hilo: Aldebaran. Kuipata si kazi. Mwezi wa Januari, kama saa tatu na nusu usiku, tafuta kwanza zile nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja karibu na utosi wa anga. Chukua mstari wao, uufuate kwenda upande wa kaskazini-magharibi, juu sana, na nyota kali ya kwanza utakayoifikia, yenye wekundu unaoelekea njano, ndiyo yenyewe. Kaskazini-mashariki mwa zile tatu kuna nyekundu nyingine, Betelgeuse, usiichanganye nayo. Usichanganye na Mirihi pia. Mirihi ni sayari na huhama mahali pake mwezi hadi mwezi, wakati Aldebaran imekaa pale pale tangu enzi za manahodha wa majahazi.

Uso wa nyota hii una joto la takriban 3,900K. Jua letu lina kama 5,800K. Fundi mwenzangu atanishika hapo hapo: taa ya 4000K ni nyeupe, imekuwaje nyota ya 3,900K iwe nyekundu? Swali zuri, na jibu lake tunalijua kazini. Funga taa moja ya 4000K katikati ya safu ya taa za 6500K, kisha mwite mwenye duka. Atakwambia hiyo moja umemwekea ya njano. Rangi jicho huisoma kwa kulinganisha, na majirani wa Aldebaran wengi ni wa moto mkali. Kile kikundi cha Kilimia kilicho pembeni yake kina nyota zenye zaidi ya 12,000K, za buluu kabisa. Katikati ya hao, wa 3,900 lazima aonekane mwekundu.

Wanasayansi huiweka katika kundi la majitu mekundu, na jina hilo imelistahili. Upana wake ni kama mara 44 ya upana wa Jua. Ingewekwa mahali pa Jua letu, uso wake ungefika zaidi ya nusu ya njia ya kwenda kwenye mzunguko wa sayari ya Utaridi. Mwanga inaoutoa unazidi wa Jua zaidi ya mara 400. Hata hivyo, uzito wake unalizidi Jua kwa kiasi kidogo tu. Maana yake ni kwamba haikuzaliwa jitu. Ilikuwa nyota ya kawaida iliyokuwa ikiunguza haidrojeni katika kiini chake, kama Jua linavyofanya hivi sasa. Haidrojeni ya kiini ikaisha. Kiini kikajibana, kikazidi kupata moto, na moto ule ukawasha haidrojeni iliyobaki kulizunguka lile tonge la ndani. Nguvu iliyotoka hapo ikazisukuma tabaka za nje zikatanuka, na zilipotanuka uso ukapoa, ukawa mwekundu. Jua letu litapita njia hiyo hiyo baada ya miaka bilioni tano hivi. Mtoto wa darasa la sita wa shule yoyote ya hapa mjini anaweza kuuona mustakabali wa Jua akiwa amesimama barazani kwao, bila darubini na bila nauli. Mwaka 2016, Septemba mosi, watu walisafiri hadi Rujewa mkoani Mbeya kushuhudia kupatwa kwa Jua, na walifanya vyema kwenda. Kuiona Aldebaran hakuhitaji hata tiketi ya mwendokasi.

Iko umbali wa takriban miaka 65 ya mwanga. Mwanga unaotua jichoni mwako msimu huu uliianza safari wakati Tanganyika ndiyo kwanza inapandisha bendera yake. Nikipita Mnazi Mmoja usiku na kuiona juu ya mnara wa Mwenge wa Uhuru, huwa nawaambia vijana ninaofanya nao kazi jambo hilo, na hakuna hata mmoja ambaye hakusimama kutazama tena.

Kuna habari nyingine ya nyota hii ambayo mimi kama fundi umeme siichoki. Tarehe 2 Machi 1972 Wamarekani walirusha chombo kinachoitwa Pioneer 10. Kilipita kwenye sayari ya Mushtarii mwaka uliofuata, kikaendelea kwenda nje, na kwa sasa kinaelea upande ilipo Aldebaran, ingawa kingeifikia baada ya miaka kama milioni mbili. Mtambo wake wa kutuma mawimbi ulikuwa wa wati 8. Wati nane! Chini ya balbu ya chooni. Na mawimbi yale ya wati 8 yalisikika duniani hadi Januari 2003, kutoka umbali wa kilomita takriban bilioni 12, kwa sababu yalielekezwa mahali pamoja kwa dishi lililolengwa vizuri. Nguvu ndogo ikilengwa inafika. Nguvu kubwa ikimwagwa ovyo inapotea, na hapo ndipo ninapoingia kwenye taa za Kariakoo.

Mapema mwaka 2025 serikali ya mkoa ilizindua biashara ya saa 24 Kariakoo. Naiunga mkono kwa moyo wote. Mteja anayetoka Lubumbashi, Lusaka au Moroni hana sababu ya kulala gesti akisubiri duka lifunguliwe asubuhi. Mama lishe anapata wateja wa usiku, wabeba mizigo na wasukuma guta wanapata kazi bila kuchomwa na jua, na mawinga wanazunguka mpaka alfajiri. Biashara hiyo inataka mwanga, na mwanga umekuja: juu ya fremu, kwenye kona za maghorofa, juu ya mabango, kwenye nguzo za barabara. Kazi zimeongezeka, nami ni mmoja wa walionufaika. Sitaki hata taa moja izimwe mahali ambapo mtu anafanya kazi.

Ninachopinga ni pembe. Tembea Mtaa wa Kongo hadi Mkunguni, pinda Sikukuu, rudi kwa Narung'ombe, ukitazama uso wa kila taa kubwa iliyofungwa juu ya duka. Nyingi zimeinuliwa. Zinatazama mbele, zinatazama ghorofa la ng'ambo, zinatazama mawingu. Kuna sababu zake. Mwenye duka anataka taa yake ionekane kutoka mbali, anadhani taa inayomulika machoni ndiyo yenye nguvu. Jirani akiona hivyo naye anaongeza. Wa tatu anafunga ya wati 200 kwa sababu ile yake ya 100 imemezwa na za wenzake. Kinachoshindaniwa pale ni macho ya mpita njia, na lami yenyewe, mahali mteja anapokanyaga na kuhesabia fedha zake, inabaki na vivuli.

Hesabu yake ni nyepesi. Taa ya wati 200 ikiwaka saa 12 inakula uniti 2.4 kwa usiku mmoja, kama uniti 72 kwa mwezi. Ikiwa imeinuliwa kiasi kwamba nusu ya mwanga wake unakwenda juu ya paa za watu, basi uniti 36 za LUKU umezinunua kwa ajili ya anga. Inamishe uso wake utazame chini kabisa, sambamba na lami, na utapata mwanga ule ule mlangoni kwa taa ya wati 100. Isipoinama kwa sababu ya mahali ilipofungwa, iwekee kofia ya bati. Mafundi bati wa pale pale Gerezani wanaikata na kuikunja kwa bei ya sahani chache za chakula.

Nitajibiwa kwamba mwanga mkali unazuia wezi. Mwanga unazuia wezi, ni kweli. Mwanga unaochoma macho unawasaidia. Mwulize mlinzi yeyote aliyekaa miaka mingi kwenye lindo. Taa ikikupiga usoni, mboni ya jicho inajibana, na kilicho nyuma ya taa ile hukioni tena. Mtu akisimama pembeni ya nguzo yenye taa iliyoinuliwa anaweza kukufuata hatua tano nyuma usimjue. Taa iliyofunikwa na kutazama chini inakuonyesha sura yake, mikono yake, na kile alichobeba.

Halafu kuna suala la ile namba ya boksi. Taa za 6500K zina buluu nyingi katika mwanga wake, na buluu ndiyo inayotawanywa zaidi na hewa. Ndiyo sababu mchana anga ni la buluu. Kwa hiyo kati ya taa mbili zenye nguvu sawa zilizoinuliwa pembe sawa, ya 6500K ndiyo inayoweka ukungu mweupe mkubwa zaidi juu ya mji. Ukichanganya na unyevu wa pwani na vumbi la barabarani, Kariakoo inaonekana kutoka Kigamboni kama imefunikwa shuka. Taa ya 3000K inaangaza nguo na viatu vizuri tu, na rangi ya khanga inaonekana. Kwa mwenye duka la dhahabu au vioo anayetaka weupe, aiweke ndani ya duka, si juu ya mlango.

Waathirika wa kwanza wa ukungu ule ni Kilimia. Bibi yangu alikuwa mkulima Kisarawe, safari isiyo ndefu kutoka hapa, na mwaka wake aliusoma kwa Kilimia. Kikionekana jioni upande wa mashariki, vuli imeingia. Kikizama jioni upande wa magharibi, masika yameshika. Kikirudi alfajiri, kipupwe kimefika, na shambani kuna kazi nyingine. Wakulima wa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki waliitumia kalenda hiyo, na lugha yetu imeitunza katika methali. Sasa katikati ya Dar es Salaam Kilimia hukioni tena usiku wa kawaida. Nyota yake kali kuliko zote ina mwanga mdogo kuliko wa Aldebaran kwa takriban mara sita, na nyingine ni hafifu zaidi. Ukungu wa taa unazimeza zote. Yule jirani mwekundu ndiye aliyebaki, kwa sababu ni mkali, na kwa sababu rangi yake inajitenga na weupe wa ukungu wetu.

Nilikiona Kilimia hapa Kariakoo wakati wa mgao wa umeme, mwanzoni mwa 2024. Nilikuwa juu ya paa la ghorofa, karibu na matangi ya maji, nafunga swichi ya kuhamisha umeme kwenda kwenye jenereta. Mitaa kadhaa ilikuwa giza. Kijana wangu wa kazi, mzaliwa wa Buguruni, alikuwa ananishikia tochi. Akauliza kile kifungu cha nyota ni kitu gani. Nikamwambia ni Kilimia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ipo kweli, fundi?" Alikuwa akilijua jina hilo shuleni, katika somo la Kiswahili, ndani ya methali. Alidhani ni kitu cha hadithi. Nikamwonyesha na ile nyekundu iliyo jirani, akasema hiyo anaifahamu, huiona kila mwaka akitoka kazini, ila hajawahi kujua kama ina jina.

Mgao sikuutaka siku ile na siutaki leo. Uliua mitaji ya watu, ukaozesha samaki kwenye majokofu. Bwawa la Julius Nyerere limejengwa ili tutoke huko, megawati 2,115, na mashine yake ya kwanza ilianza kuzalisha mwaka huo huo wa 2024. Ninachokataa ni wazo kwamba mtoto wa Kariakoo akione Kilimia umeme unapokatika tu. Tunaweza kuwa na umeme wa kutosha, maduka wazi mpaka asubuhi, na anga juu yetu. Kinachotakiwa ni bawaba ya taa na bati.

Na wengine wamekwishafanya. Mji wa Flagstaff, Arizona, nchini Marekani, ulitunga sheria mwaka 1958 kuzuia taa za matangazo zilizokuwa zikimulika angani, na mwaka 2001 ukawa mji wa kwanza duniani kutambuliwa kimataifa kwa kulinda giza la anga lake. Si kijiji ule. Una maduka, hoteli na reli inayopita katikati. Taa zake zimefunikwa, basi. Kwetu hapa Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania amekuwa akiwaelimisha Watanzania kuhusu anga kwa miaka mingi. Kumsikiliza mtu kama yeye akieleza nyota, halafu ukatoka nje ukakuta taa ya bango imeziba nusu ya anga, ni kama kufundishwa kuogelea karibu na bwawa lililokaushwa.

Kariakoo yenyewe iliwahi kujengwa na mtu aliyelifikiria anga. Beda Amuli, aliyelichora lile soko kuu lililofunguliwa mwaka 1975, aliliwekea paa la miamvuli mikubwa ya zege inayoacha upepo upite na kukusanya maji ya mvua. Soko liliungua Julai 2021, na ujenzi wa kulirudisha umefanywa kwa fedha za umma. Kwa kuwa ni mali ya umma, hapo ndipo pa kuanzia. Taa za nje za soko kuu na za jengo jipya lililo jirani ziwe za 3000K, zifunikwe juu, zitazame chini. Wafanyabiashara wanaiga kinachofanywa na soko. Wamefanya hivyo siku zote, kwa mabango, kwa vigae, kwa milango ya vioo.

Baada ya hapo, Halmashauri ya Jiji inayotoa vibali iongeze mstari mmoja kwenye fomu ya bango: taa yake imulike kutoka juu kwenda chini. Leo mabango mengi yanamulikwa kutoka chini kwenda juu, na nusu ya mwanga inapita kando ya bango na kuendelea na safari. Walimu wa sayansi wa shule za hapa mjini nao nawaomba jioni moja tu ya Januari, uwanjani, wazazi wakiwepo. Somo la nyota lipo kwenye vitabu. Mfano wake uko juu ya uwanja.

Kwa wenye fremu, sihitaji kusubiri mamlaka iniruhusu kuzungumza nao. Ndugu zangu, kaka zangu na dada zangu mnaonipigia simu taa ikizima: leo usiku vukeni upande wa pili wa barabara, mtazame duka lenu. Mkiiona balbu yenyewe ikiwachoma macho, taa hiyo imekaa vibaya na mnailipia. Mkiona mlango, bidhaa na sakafu ya baraza bila kuiona balbu, imekaa vizuri. Ngazi ninayo, spana ya namba 13 ninayo, na kuinamisha taa moja hakufiki robo saa. Anayetaka anijulishe kabla ya Novemba.